Jembe la Mzee Mikidadi, Mwangalizi wa Kiwanja cha Mji

Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, uliyeacha kivuli cha Boma ukaja kukaa nasi hapa, Bwana Akida, Shehe wetu na Padri wetu, ambao leo mmekalia benchi moja, na nimefurahi kuliona hilo, majumbe wa mjini na wa milimani, Bwana Noordin na wenzako wa madukani, wazee wangu, shikamooni, mama zangu mliokuja na watoto na, nikitazama vizuri pale nyuma, na mbuzi watatu, ndugu wageni waalikwa, amani iwe juu yenu nyote.

Mimi ni Salehe bin Mihayo, karani wa Baraza la Mji. Wengi wenu mnanijua kwa neno moja tu, nalo ni "hakuna." Mkija kuomba taa ya sokoni, nasema hakuna. Mkija kuomba daraja la kijito, nasema hakuna. Na mtu aliyelisikia neno hilo kinywani mwangu mara nyingi kuliko watu wote ni huyu tunayemuaga leo, Mzee Mikidadi bin Kobelo, mwangalizi wa kiwanja hiki tulichokalia. Kwa miaka sita amekuja ofisini kwangu kila mwezi kuomba kitu, akaambiwa hakuna, akasema "haya, mwanangu," akaenda akakitengeneza mwenyewe.

Nimepewa heshima ya kusema maneno ya kumuaga. Lakini wageni mnaotoka mbali mjue kwanza jambo moja, msije mkashangaa. Mimi nimezaliwa Unyamwezi, nikaingia nchi hii kijana na mzigo wa pembe begani. Mzee Mikidadi ni Mluguru wa kule juu, chini ya kilele cha Bondwa. Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Kwa hiyo leo nitamsema, naye haruhusiwi kukasirika. Nitamcheka, naye atavumilia. Tena, kwa desturi yetu, mtani akikipenda kitu cha mtani wake anaweza kukichukua mchana kweupe, isiwe wizi, na mwenye kitu harudishiwi mpaka akikomboe kwa masharti ya aliyekichukua. Shehe anajua, Akida anajua, na Bwana Shauri amejua tangu ile kesi ya jogoo wa Mzee Mikidadi, ambayo mshitakiwa nilikuwa mimi, na nikashinda. Jogoo alikuwa mtamu. Mzee bado hajamkomboa.

Sasa tukitazame kiwanja. Reli ilipofika mjini, Bwana Shauri aliyetangulia alitaka mji wetu uwe na mahali pa kuchezea gofu, kama miji ya kwao. Sisi mchezo wenyewe tuliuita mpira wa vishimo, na jina hilo halijabanduka. Mtu mzima anapiga kipira kidogo kwa fimbo, anakifuata kwa miguu, anakipiga tena, mpaka kiingie kwenye kishimo. Na kikishaingia anakitoa, anakwenda kukitafutia kishimo kingine. Sijawahi kuuliza kwa nini. Ardhi ilipimwa, vishimo tisa vikachimbwa, na karatasi ikaandikwa kwamba kiwanja si cha Boma wala si cha klabu ya Wazungu, ni mali ya mji. Tulifurahi sana, mpaka tulipoelewa maana yake: kwamba majani yake, bendera zake na mwangalizi wake vyote vitatoka katika fungu lile lile la ushuru wa soko linalochimba mitaro na kununua mafuta ya taa. Wachezaji walikuwa wanane. Mfagiaji wa soko alinisimamisha njiani akaniuliza, "Karani, watu wanane wanatembea, halafu mji mzima unalipa?" Nilimjibu nini? Nilimwambia afagie.

Basi Baraza likatafuta mwangalizi wa mshahara mdogo, na akapatikana huyu. Siku ya kwanza alipewa amri moja tu: kiwanja kiwe laini, pasiwe na shimo la kumvunja mtu mguu. Jamani, nyinyi mnaotoka milimani mtanishuhudia. Kwenu mtu akiona shimo njiani hulipita? Hulifukia, maana nyuma yake atakuja mama mwenye mtoto mgongoni na mtungi kichwani. Bendera za mchezo zilikuwa bado zimefungiwa stoo, na hakuna aliyekumbuka kumweleza. Alfajiri Mzee akaanza kazi. Akaviona vishimo vyote tisa, akasikitika, akasema kumbe fuko wa tambarare wana ufundi, wanachimba duara kamili. Akavifukia. Akashindilia. Akapandikiza majani juu yake, kazi safi ambayo mpaka leo sijaona ya kuilinganisha nayo. Saa kumi mabwana wakaja na fimbo zao, wakazunguka kiwanja wakiinama huku na huku, na Mzee akawafuata nyuma kwa furaha, akidhani wanaisifu kazi. Mhandisi mmoja wa reli akamuuliza, vishimo viko wapi. Mzee akavua kofia akajibu, "Usiwe na wasiwasi, bwana. Hawa fuko hawarudi tena."

Cheka tu, Mzee Mikidadi, nakuona. Mluguru ukimtelemsha tambarare anatembea goti moja juu, anatafuta mlima hata pasipokuwa na mlima. Lakini hebu niulize: ni mwangalizi gani mwingine angeona shimo kwenye njia ya mtu asiyemjua, akaona haya kuliacha?

Mashine ya kukatia majani ililetwa kutoka Ulaya, ikafanya kazi majuma kumi na moja, ikavunjika jino. Tukaandika barua. Jibu likaja kwamba jino jipya litafika baada ya miezi minane, kwa bei iliyonifanya niikunje barua na kuikalia. Mzee akaja ofisini. Nikamwambia hakuna. "Haya, mwanangu." Kesho yake kiwanja kilikuwa na mbuzi kumi na wanne. Walikuwa mbuzi wa Mwanaasha, huyu mama aliyekaa nyuma pale, mjane, ambaye majani ya kulishia yalikuwa yanampeleka kila siku mbali, njia ya kwenda Mikese. Wakapatana: mbuzi wale bure, mji ukatiwe majani bure. Karani kuulizwa? Hakuulizwa.

Mbuzi walikata vizuri kuliko mashine, ila walikula na bendera. Bendera saba kwa siku moja. Bwana Noordin, Mungu amzidishie, akatoa vipande vya kaniki vilivyobaki dukani kwake. Mbuzi wakavipenda zaidi. Hapo Mzee akakumbuka kwamba mbuzi hali kitu kilichoguswa na samadi yake mwenyewe, akazichovya bendera zote kwenye ndoo ya samadi na maji, akazianika. Tangu siku hiyo hakuna bendera iliyoliwa. Mabwana walilalamika kwamba upepo ukivuma kutoka kishimo cha tano mtu hawezi kulenga. Mzee akawaambia wapige upesi waondoke. Wakapiga upesi, na mhandisi akasema hajapata kucheza vizuri namna ile maishani mwake.

Nimewachekesha, sasa niseme la moyoni. Mimi nilikichukia kiwanja hiki. Nilikiona kama mdomo usioshiba uliowekwa katikati ya mji wenye njaa. Aliyenibadilisha ni Mzee, na alinibadilisha siku ya Idi. Msikiti wetu ulikuwa haututoshi, watu wakisali njiani, kwenye mavumbi ya mikokoteni. Mzee akaenda Bomani peke yake, akaomba waumini wasalie kiwanjani asubuhi moja. Bwana Shauri akamuuliza, watu mia nane, majani yatapona? Mzee akajibu, "Bwana, wale mia nane huvua viatu. Hawa wanane wako huvaa vyenye misumari." Bwana Shauri, ulicheka siku ile, ukatoa ruhusa, na hilo hatujalisahau. Nilisali pale, kishimo cha pili kikiwa kulia kwangu, paji la uso kwenye majani mabichi yenye umande, na nikaona aibu kwa kila "hakuna" niliyowahi kumwambia mtu huyu. Tangu hapo watoto wa shule ya Padri wanakimbia mbio zao hapa, akina mama wa Msamvu wanapumzika hapa wakitoka sokoni, na yule mfagiaji wa soko hulala hapa kila adhuhuri, mdomo wazi. Mji ulikuwa unalipia kiwanja cha watu wanane. Mzee Mikidadi aliugeuza mji wote kuwa wenye kiwanja.

Lakini majani mabichi hayaji kwa maneno, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa maana masika yamekwisha na kiangazi kimeshaingia.

Kiangazi cha kwanza kiwanja hiki kilikufa. Kilikuwa rangi ya mkate, kikawa kinalia chini ya miguu kwa ukavu. Mzee akaja kuomba mabomba ya maji. Hakuna. "Haya, mwanangu." Akapotea siku tatu, nikamwandikia kosa la utoro. Siku ya nne maji yakafika. Yalikuja kwa mfereji mwembamba kama mkanda, yakifuata tumbo la mlima, yakavuka korongo juu ya mianzi iliyopasuliwa, yakaingia kishimo cha kwanza na kukifurikisha. Nilisimama nikitazama kalamu ikiwa sikioni. Nilimuuliza amepata wapi. Akasema, "Kwa mama."

Ndugu wageni, Mluguru akisema kwa mama, hasemi nyumbani kwa mama yake tu. Kwao ardhi na maji hufuata lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Baba hukupa jina, mama hukupa mahali pa kusimama. Maji yale ni ya bibi zake, ambao bustani zao za maharage ziko juu huko. Walimpa mtoto wao kwa masharti ambayo hayakuandikwa popote: yashuke siku mbili kwa juma, maharage yakishakunywa, kila mwanzo wa kiangazi anayeyafungua apande, awasalimie, asafishe mfereji pamoja nao siku nzima, anywe togwa yao, na anayeyafungua awe mtoto wa ukoo, aliyezaliwa na binti wa ukoo. Basi. Hakuna rupia ndani yake. Kwa miaka sita mji huu umekunywa maji ya heshima ya mtu mmoja, na katika vitabu vyangu hayana hata mstari.

Mwaka jana Mzee akaugua mapafu, mnakumbuka, majuma matatu. Boma likamweka Shaushi Agustino ashike nafasi. Shaushi, simama kidogo watu wakuone. Huyu ni askari mstaafu, mtu mwaminifu, saa yake haijachelewa tangu azaliwe. Siku ya pili maji yakakatika. Tukadhani jiwe limeziba. Shaushi akachukua watu kumi na majembe, akapanda, akachimbua mfereji wote mpaka juu. Maji yakatoka. Akateremka, na alipofika chini maji yakawa hayapo. Akapanda tena. Je, kuna aliyemgombeza? Hakuna. Wale kina bibi walimkaribisha, "Karibu, baba, pumzika," wakampa ndizi za kuchoma. Alipanda mara nne, akarudi mara nne ameshiba ndizi, bila maji. Ukimlazimisha mtu mwenye hasira unaweza kumshinda. Mtu anayekukaribisha ndizi utamlazimisha vipi?

Kiwanja kilianza kugeuka rangi. Ndipo akapanda Hidaya, binti wa dada yake Mzee Mikidadi, peke yake, na kibuyu. Hakuagizwa na mtu. Aliondoka asubuhi. Alasiri maji yalikuwa hapa, na yeye nyuma yake, miguu ina tope mpaka magotini, akauliza kama mbuzi wameshakunywa.

Sasa Mzee anaondoka. Magoti yamekataa, kifua kimekataa, anarudi milimani akaote jua. Na Baraza, juma lililopita, limeandika barua kwamba nafasi yake itashikwa na Shaushi Agustino. Barua ile niliiandika mimi. Ina mwandiko mzuri sana. Nilipomsomea, Mzee akapapasa mpini wa jembe lake, akasema "haya, mwanangu," na ile haya ilikuwa nzito kuliko zote za miaka sita. Nikamuuliza, kwa nini hukumtaja Hidaya? Akasema, "Mtu hamwombei mtoto wake ugenini. Nisipoomba, sitakataliwa." Siku ya pili Hidaya mwenyewe akasimama mlangoni kwangu, hakukaa. Akaniambia, "Mtani, sikuja kuomba kazi. Nimekuja kukuambia kwamba mwezi ujao hapa hakutakuwa na majani, usije ukasema hukuambiwa." Akaenda zake.

Sikulala vizuri. Juzi akaja wa tatu, nisiyemtegemea, Shaushi Agustino. Alisimama wima kama yuko gwaride, akasema, "Karani, mimi najua kulinda, sijui kuomba. Nipe lango na bendera, nitavilinda. Yale maji hayanijui." Nilitaka kumkumbatia, ila ni askari.

Bwana Shauri, ratiba ya leo naijua, maana niliiandika mimi. Imeandikwa kwamba nikimaliza kusema, Mzee atasimama, atakukabidhi jembe lake dogo la kufungulia maji, hilo lililoegemea kiti chake, nawe utamkabidhi Shaushi. Ni ratiba nzuri. Mimi ni karani wako na nimekula chumvi ya Boma miaka kumi na mitatu. Najua karani anayepindua ratiba mbele ya watu anaweza asiwe karani kesho. Nimeliwaza hilo. Nina mke, nina watoto watano, nimeliwaza vizuri. Lakini nimewaza pia watu mia nane watakaokuja hapa Idi ijayo, waweke paji la uso kwenye mavumbi, kwa sababu mimi nilikuwa na mwandiko mzuri.

Naomba mnipishe kidogo. Mzee Mikidadi, shikamoo. Miaka sita nimekunyima, leo nakupokonya. Mpini huu umelainika, kumbe ndio maana hukuwahi kuniazima. Mabwana na mabibi, mashahidi ni nyinyi: mtani amekipenda kitu cha mtani wake, amekichukua mchana kweupe. Bwana Shauri, nisamehe kwamba sikukuomba ruhusa. Mtani haombi, na hukumu hiyo uliitoa wewe, siku ya jogoo.

Hidaya, mwanangu, inuka hapo kwa Mwanaasha uje. Usiangalie chini. Shika. Shaushi Agustino atashika lango na bendera, na kwa nguvu zake mbuzi wataingia kwa mstari. Wewe shika maji. Mshahara wako ni ule ule mdogo wa mjomba wako, na ukija kuniomba kitu nitakuambia hakuna, lakini nitaona haya nikisema.

Mzee wangu, unalia, na mimi nilikuambia leo huruhusiwi kukasirika, sikusema huruhusiwi kulia. Tutakukosa. Nitakukosa mimi kuliko wote, mlangoni kwangu kila mwanzo wa mwezi, na kofia yako mkononi. Ukifika juu wasalimie kina bibi, uwaambie Mnyamwezi mmoja ameiba jembe lao akampa mtoto wao.

Na yeyote katika mkutano huu, mkubwa au mdogo, wa Boma au wa Baraza, anayetaka jembe hili lirudi ratibani, desturi inamruhusu kulikomboa, na mwenye kutaja masharti ni mimi. Sitaki rupia. Apande leo mpaka chini ya Bondwa, awasalimie kina bibi kwa kutaja ukoo wa mama yake, kisha ateremke mpaka hapa bila kugeuka nyuma. Maji yakimfuata, jembe ni lake.

Nawashukuru nyote kwa kuyapokea maneno yangu mpaka mwisho, na wewe Bwana Shauri nakushukuru zaidi, kwa kuwa naona bado umekaa.